Pua ya Serikali na Ahadi ya Bibi Mwajabu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha katika mji mkuu wa Jamhuri ya Shwari tangu alfajiri, mvua nzito ya kuloanisha mpaka mifupa, lakini redio ya taifa ilikuwa imetangaza jua na upepo mwanana. Kwa hiyo watu walitembea barabarani na miavuli yao imefungwa, kwa kuwa kufungua mwavuli siku ya jua ni kubishana na Idara ya Hali ya Hewa, na watu wa Shwari si wabishi. Wanaloa kwa adabu.

Wakili Gaudensia Mhela naye aliloa. Alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kwa mkono wa kulia alimshika Bibi Mwajabu binti Saidi, aliyekuwa na miaka themanini na minne na kikohozi kisichojua kupumzika. Kwa mkono wa kushoto alibeba jalada la kesi ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa kesi ya wakazi wa Mabondeni dhidi ya Kiwanda cha Ngozi, nayo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Ilipoanza, walalamikaji walikuwa arobaini. Asubuhi hiyo walalamikaji wote waliobaki walifika mahakamani, yaani Bibi Mwajabu.

Katika miaka hiyo yote Wakili Gaudensia alikuwa ameshinda mara moja. Mwaka wa tatu wa kesi, jaji mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini alitia sahihi zuio la muda bila kulisoma. Zuio hilo lilisema kwamba Kiwanda kisichimbe shimo lake la taka juu ya kisima cha Mabondeni mpaka kesi iishe. Mto Kihuro ulikuwa umekwisha kuharibika kwa taka za Kiwanda, lakini kisima kilikuwa bado kisafi, na watu mia tatu walikunywa maji yake. Tingatinga la Kiwanda lilifika kisimani siku ileile, na tangu hapo halijaondoka. Kila asubuhi dereva wake huliwasha, hulisikiliza likinguruma, kisha hulizima na kukaa kivulini kusubiri kesi iishe. Dereva wa kwanza alistaafu hapo hapo. Huyu wa sasa ni wa tatu, kijana mwenye heshima, na huwasalimu wanawake wanaokuja kuchota maji.

Kesi ikiisha, zuio linaisha. Na kesi ingeweza kuisha kwa njia mbili tu: kwa hukumu, au siku ambayo mlalamikaji wa mwisho ataitwa asiitike. Mlalamikaji mpya hakuruhusiwa. Aliyezaliwa baada ya kesi kufunguliwa alihesabiwa kuwa hajadhurika, kwa kuwa aliukuta mto uko hivyo hivyo. Aliyekuwepo wakati ule asiandike jina lake alihesabiwa kuwa ameridhika.

*

Gaudensia hakuzaliwa wakili. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama, na kwa miaka kumi na mitano alichapa hukumu za watu wengine mpaka vidole vyake vikaijua sheria kabla ya kichwa. Alipofika miaka thelathini na minne alijiandikisha masomo ya jioni. Walisomea katika shule ya msingi, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto, na mwalimu wao alipenda kuwaambia kwamba sheria ni nyumba ya wanyonge. Gaudensia aliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari lake. Alikuwa mtu wa sala, na alikuwa akiamini kile alichofundishwa, hasa kikifundishwa baada ya saa za kazi na mtu aliyechoka.

Siku aliyoapishwa kuwa wakili, watu wa Mabondeni walikuwa wanamngoja nje na chupa ya maji ya mto. Aliipokea kesi yao akidhani itachukua miezi mitatu.

Alianza na rangi. Mto Kihuro ulikuwa umegeuka zambarau. Wizara ilileta mahakamani Jedwali la Rangi Halali za Maji, lenye rangi nne, na zambarau haikuwemo. Gaudensia alirudi nyumbani akamshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili likatoka jedwali jipya, lenye rangi tano. Mwaka uliofuata mto uligeuka kahawia yenye mafuta juu, jedwali nalo likaongezeka. Sasa lina rangi kumi na tisa, linauzwa madukani kwa wapaka nyumba, na rangi pekee isiyokuwemo ni ile ya maji.

Akaenda kwenye samaki. Samaki wa Kihuro walikufa wote ndani ya juma moja. Wakili wa Serikali, Bwana Pambalu, mwanamume mnene wa sauti tamu, aliieleza mahakama kwa masikitiko kwamba samaki hao hawakuacha maelezo yoyote, na kwamba Serikali haiingilii maamuzi binafsi ya wanyama.

Ikabaki harufu. Hapo Gaudensia alijua ameshika kitu, kwa maana harufu ya Mabondeni ilikuwa ya namna kwamba mtu akiipata anavua kofia, kama aliye msibani, bila kujua kwa nini. Lakini Sheria ya Hewa na Maji, kifungu cha tisa, ilisema wazi: harufu ni ile iliyothibitishwa na Mnusaji Mkuu wa Serikali. Isiyothibitishwa naye ni maoni.

*

Mnusaji Mkuu aliitwa Bwana Filemoni Sokoro. Alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililoiponza Mabondeni.

Kanuni zilimtaka avute pumzi tatu kamili kwenye mdomo wa bomba la Kiwanda. Mwaka wa kwanza wa kesi alifika akiwa kijana, amevaa suti ya kazi na beji yenye picha ya pua, akavuta pumzi ya kwanza, na pua yake ikafunga papo hapo, kama mlango unaofungwa na upepo. Pumzi ya pili na ya tatu hakusikia kitu. Sasa kanuni zilisema taarifa iandikwe baada ya pumzi ya tatu. Bwana Filemoni hakuwa mtu wa kusema uongo. Aliandika: Hakuna harufu.

Tangu hapo alirudi kila mwaka, akavuta pumzi zake tatu, na kila mwaka akaandika ukweli wake ule ule. Serikali ilimpa nishani kwa uthabiti wa maoni.

Yeye na Gaudensia walisali kanisa moja, misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja baada ya misa alimfuata uani, akavua kofia, akaikunja kunja mikononi.

"Mama Wakili, najua nakuharibia kesi yako," alisema. "Lakini sisikii kitu, na siwezi kuandika kinachosikiwa na pua za watu wengine. Niombee. Miaka kumi na saba sasa sijui mke wangu anapika nini. Ananiuliza kama chumvi imetosha, namjibu imetosha, na machozi yananitoka."

Gaudensia alimwandika kwenye karatasi yake ya maombi, kati ya goti la dada yake na roho za marehemu wa Mabondeni. Kila alfajiri, kwa miaka minne, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamwombea Bwana Filemoni pua. Hakuomba ushindi. Aliona ushindi ungefuata wenyewe.

Na Mungu alisikia. Jumapili, tarehe kumi Machi, padri alipopita na chetezo, Bwana Filemoni aliyekuwa amekaa benchi la tatu alishtuka, akainua uso, akasimama peke yake katikati ya misa. Alisikia ubani. Baadaye alisema kwamba alisikia pia nta ya mishumaa, mbao za benchi, mafuta ya nazi ya mama aliyekaa mbele yake, na mwishowe nguo zake mwenyewe. Alilia kama mtoto, na Gaudensia alipiga ishara ya msalaba mara tatu.

Jumatatu Bwana Filemoni alikwenda kazini, kwenye bomba la Kiwanda. Pumzi ya kwanza ilimpigisha magoti. Ya pili alizimia. Walimmwagia maji, si ya mto, akaamka akavuta ya tatu kwa sababu kanuni ni kanuni. Kisha akaandika: Harufu ipo.

*

Ni lazima hapa ielezwe desturi moja ya mahakama za Shwari, kwa faida ya wasomaji wanaoishi katika nchi ambazo hazijaendelea kiasi hicho.

Zamani, kesi zilikuwa zikiahirishwa na watu walikuwa wakifa katikati. Jambo hili liliihuzunisha Serikali, kwa kuwa lilivuruga kalenda. Ndipo ikatungwa Ahadi ya Uhai. Kila kesi inapoahirishwa, mlalamikaji husimama na kuahidi kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, kwamba tarehe ijayo atakuwa hai. Asiyeahidi anahesabiwa kuwa ameiacha kesi yake. Anayeahidi kisha akafa, amedharau mahakama.

Walalamikaji thelathini na tisa wa Mabondeni walikuwa wamedharau mahakama. Kila mmoja aliandikiwa barua ya karipio, na kwa kuwa sheria ilitaka mhusika aipokee mwenyewe, tarishi aliipeleka mpaka makaburini na kuibandika kwenye mti wa kaburi. Gaudensia alikuwa amewazika wote. Alijua nani alikufa kwa ini, nani kwa vidonda vya ngozi, na nani alichoka tu. Wote alikuwa amesimama nao bega kwa bega wakiahidi.

Bibi Mwajabu alikuwa na shida ya peke yake. Alikuwa mtu wa swala tano, na hakuwahi kuahidi jambo la kesho bila kumtanguliza Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kila mara alisema ahadi yake kama ilivyoandikwa, kisha akajifunika mdomo kwa ushungi na kumalizia kwa chini, "Inshallah." Gaudensia alikuwa akisikia. Karani alikuwa akisikia pia, lakini karani yule alikuwa mzee, naye alikuwa na mama yake, akawa anapiga muhuri bila kuinua macho.

Karani yule alistaafu mwezi wa kwanza. Na mwezi wa pili mahakama ikafungiwa vipaza sauti vipya.

*

Jaji Kamsopi aliingia saa tatu na dakika hamsini, akatangaza kuwa ni saa tatu kamili, na watu wakarekebisha saa zao.

Bwana Filemoni alipanda kizimbani. Alikuwa amevaa suti na nishani yake, macho yamemvimba. Gaudensia alisimama amwongoze. Swali alilokuwa akiliuliza kila mwaka kwa miaka ishirini na mmoja, mwaka huo lilikuwa na jibu.

"Bwana Mnusaji Mkuu, jana ulipovuta pumzi tatu kwenye bomba la Kiwanda, ulisikia nini?"

"Nilisikia harufu," alisema Bwana Filemoni. "Harufu ya ngozi iliyooza, na dawa, na kitu kingine ambacho sina jina lake. Nilisikia kila kitu, Mheshimiwa. Mungu anisamehe miaka yote hii."

Bibi Mwajabu alifungua viganja vyake mapajani, midomo ikamcheza. Gaudensia alikaa chini, na kwa dakika moja nzima aliiamini ile nyumba ya wanyonge, madirisha yake na paa lake.

Kisha Bwana Pambalu akainuka, taratibu, kama mtu anayeinuka mezani baada ya kushiba. Alimpongeza shahidi kwa kupona. Akamwuliza kama pua aliyokuja nayo leo ndiyo ile ile aliyokuwa akiitumia mwaka jana. Bwana Filemoni akasema ni ile ile, ila imefunguka. Bwana Pambalu akauliza ilifunguka kwa kibali cha nani.

"Kibali?" alisema Bwana Filemoni. "Ilifunguka kanisani."

"Kwa hiyo pua ya Serikali," alisema Bwana Pambalu akiwageukia watu wote kwa upole, "chombo cha umma, kilichopimwa, kikasajiliwa, kikapewa nishani, kimebadilishwa hali yake siku ya mapumziko, nje ya ofisi, na taasisi isiyo ya kiserikali. Mheshimiwa Jaji, mimi ni mtu wa dini. Lakini leo ikifunguka pua bila utaratibu, kesho yatafunguka macho, na keshokutwa hatutajua tumalizie wapi."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akasema mahakama imeguswa sana na ushahidi wa Mnusaji Mkuu na haioni sababu ya kumtilia shaka. Hata hivyo, shahidi huyo huyo mwaminifu alikuwa amesema mara ishirini kwamba harufu haipo, na amesema mara moja kwamba ipo. Mara ishirini ni nyingi kuliko mara moja. Mahakama haiwezi kuipendelea pua moja dhidi ya nyingine ilhali zote mbili ni za mtu mmoja. Akaamuru iundwe Kamati ya Pua, ichunguze chombo hicho, ijiridhishe, itoe taarifa. Mpaka hapo, mto utahesabiwa kwa mnuso halali wa mwisho. Bwana Filemoni avuliwe beji na akakae nyumbani, asinuse kitu chochote chenye maslahi ya umma.

Kesi iliahirishwa mpaka tarehe tatu Mei, miaka saba ijayo.

Gaudensia alitazama mikono yake. Alikumbuka alfajiri zote zile kwenye saruji. Alikuwa ameomba pua, naye amepewa pua. Hakuwa amefikiri kuomba zaidi.

*

"Mlalamikaji asimame kwa ahadi," alisema karani mpya, msichana wa kucha ndefu. Mashahidi wawili walisogezwa, mfagiaji wa ukumbi na askari wa mlangoni, kama ilivyo kawaida.

Bibi Mwajabu alisimama kwa kushika meza. Alisubiri kikohozi kimpite. Kisha akasema kwamba yeye, Mwajabu binti Saidi, mkazi wa Mabondeni, anaahidi mbele ya mahakama na mashahidi kuwa tarehe tatu Mei, miaka saba ijayo, atakuwa hai na ataitika jina lake. Akainua ushungi mdomoni.

"Inshallah," kikasema kipaza sauti, kwenye pembe zote nne za ukumbi.

Jaji aliinua kichwa. "Neno hilo la mwisho ni la nani?"

"Ni langu, baba," alisema Bibi Mwajabu. "Namaanisha Mungu akipenda."

"Na asipopenda?"

Bibi Mwajabu alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jua hutokea wapi. "Asipopenda si nitakuwa nimekufa, baba?"

Bwana Pambalu alikuwa amekwisha kusimama. Alisema kwa huzuni kwamba hiyo si ahadi, ni matarajio, na kwamba Serikali haiwezi kupanga kalenda yake kwa kutegemea ridhaa ya mtu wa tatu. Jaji aliuliza kama Mungu ni mmoja wa wahusika wa kesi. Karani alipekua jalada, akasema hayumo. Basi, akasema Jaji, asitajwe katika ahadi. Mama arudie, bila masharti.

"Siwezi, baba yangu," alisema Bibi Mwajabu. Hakusema kwa ukali. "Kwenda kisimani tu kesho asubuhi siahidi bila yeye. Sasa nikuahidi miaka saba? Hiyo si mali yangu niigawe."

"Basi mama ameiacha kesi yake."

"Naomba dakika moja, Mheshimiwa," alisema Gaudensia.

Walinong'onezana, na Gaudensia alikiziba kipaza sauti kwa kiganja. Alimkumbusha juu ya tingatinga. Alimkumbusha juu ya wajukuu wake kumi na mmoja wanaokunywa maji ya kisima kile, na kwamba dereva angeweza kupigiwa simu kabla hawajatoka ukumbini. Bibi Mwajabu alitikisa kichwa huku machozi yakimshuka. Alisema anajua. Alisema amekuwa akijua tangu walipokuwa arobaini. Lakini alikuwa karibu kwenda kukutana na Mungu mwenyewe, na hakutaka kufika na neno lile mdomoni.

Kulikuwa na kifungu. Gaudensia alikijua kwa sababu alikuwa amekichapa kwa vidole vyake zamani za upiga chapa, kifungu cha kumi na nne, aya ya mwisho, ambacho hakuna aliyewahi kukitumia. Kilisema wakili anaweza kuahidi uhai kwa niaba ya mteja wake, na kesi ikabaki wazi mpaka tarehe iliyoahidiwa. Ahadi ikivunjika, mteja husamehewa, na wakili hufutwa jina lake katika daftari la mawakili.

Hilo la kufutwa halikumsumbua sana. Alichokiona ni karatasi yake ya maombi, iliyokunjwa ndani ya kifuko cha miwani yake kila usiku. Katika maisha yake yote hakuwahi kuahidi hata kikao cha jumuiya bila kusema Mungu akipenda. Wanafunzi wenzake wa jioni walikuwa wakimtania kwa hilo. Walikuwa wakimwuliza saa, anajibu saa mbili, Mungu akipenda.

"Usiseme uongo kwa ajili yangu, mwanangu," alinong'ona Bibi Mwajabu, na kikohozi kikamshika, kirefu, cha kutoka mbali, mpaka askari wa mlangoni akamletea kiti.

Nje mvua ilipiga bati. Bwana Filemoni, aliyekuwa bado amesimama karibu na mlango na alama ya beji kifuani, alifunga macho akavuta pumzi, kisha akaangalia chini haraka kama mtu aliyeiba.

Gaudensia alivua miwani, akaiweka juu ya jalada, akaondoa kiganja kwenye kipaza sauti.

"Kwa kifungu cha kumi na nne, Mheshimiwa," alisema. "Mimi, Gaudensia Mhela, wakili, naahidi mbele ya mahakama hii na mbele ya mashahidi hawa wawili, kwamba tarehe tatu Mei, miaka saba ijayo, Mwajabu binti Saidi atakuwa hai, na ataitika jina lake."

Jaji alisubiri. Ukumbi mzima ulisubiri neno la mwisho, na karani alikuwa ameshika muhuri hewani.

"Kwa masharti yoyote, Wakili?"

"Bila sharti lolote, Mheshimiwa."